Mafua "tu" yalivyotukuta na mapafu ya pamba, Kalemie enzi za Zaire

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari zenu.

Juzi kuna mwanachama humu alianzisha uzi wa kumcheka mfanyakazi mwenzake. Jamaa ana pumu, kaomba siku tatu za mafua. Mwenye uzi kaandika, "Mafua tu jamani, mtu mzima!" Mkacheka kurasa nne.

Mimi sikucheka. Si kwamba sipendi kucheka. Nikicheka sana kifua kinafunga, nakohoa mpaka jirani anazima redio anisikilize kama bado nipo.

Basi leo nawaletea habari ya mafua tu. Hii si chai. Niliiona kwa macho yangu na niliivuta kwa pua yangu, na kama naongeza chumvi basi pumzi hii niliyobaki nayo ipungue.

Shule yangu iliishia la nne primeri, kwa hiyo anayetafuta maneno makubwa awasubiri madaktari. Majina nitayataja. Wengine wamekufa, wengine ni wazee wanaokaa kiti cha mbele kanisani. Heshima yao iko palepale, mimi nataja tu.

Halafu msinisahihishe Kiswahili. Mimi ni muntu wa Kalemie, na hii "njo" yetu, ambayo nyie mnasema "ndiyo", hamtaitoa mdomoni mwangu.

Twende.

Mwisho wa miaka ya themanini, nchi bado inaitwa Zaire, nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, kazini katika kiwanda cha nguo. Jina la kiwanda silisemi. Majengo hayakunikosea kitu, walionikosea walikuwa na miguu.

Nilikuwa chumba cha mashine za kuchana pamba. Pamba ilikuja kwa treni kutoka bara, upande wa Kabalo na Nyunzu, imekandamizwa kwenye marobota, chafu, ina majani na mchanga wa shambani. Sisi tunafungua robota, mashine inachana, vumbi linapanda.

Madirisha yalifungwa mwaka mzima. Tuliambiwa upepo wa ziwa ukiingia unakata nyuzi. Uzi njo mali. Muntu utapata mwingine pale getini.

Tukitoka kazini tulikuwa weupe mpaka kope. Watoto wa mtaa walitupigia kelele, "Bazungu ba bure! Bazungu ba bure!"

Msiseme hatukupewa kinga. Tulipewa. Kila Jumamosi kikombe kimoja cha maziwa, ya kusafisha pamba kifuani. Maziwa yanashuka tumboni, pamba iko kwenye mapafu, hao wawili wanakutana wapi? Hakuna aliyeuliza. Maziwa yalikuwa matamu.

Sasa ugonjwa wetu ulikuwa na kalenda yake.

Jumapili unapumzika, mzima kabisa. Jumatatu unaingia chumbani, ikifika saa nne kifua kinabana kama umefungwa zile kamba za robota. Unakohoa kikavu, joto linakupanda kidogo. Jumanne nafuu. Jumatano kinafunguka, unapiga hata mluzi. Unaenda vizuri mpaka Jumamosi. Jumapili unapumzika.

Jumatatu unarudi kwenye kamba.

Tukamwendea Papa Ilunga, muuguzi wa zahanati ya kiwanda. Tulimwita dokta na yeye hakuwahi kukataa. Papa Ilunga alikuwa na ugonjwa mmoja tu wa kumpa muntu anayekohoa Jumatatu: lutuku, ile pombe kali ya kuchemshwa uani. Hakuuliza. Alikuwa anakwambia, "Jana ulikunywa," na anaandika kwenye karatasi yako: *mulevi*.

Hapa niwajulishe kwa Yaya Mukalay.

Yaya kwetu ni kaka mkubwa, siyo yule wa kubembeleza watoto wa watu, mtulie. Hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa na kama miaka arobaini, mkongwe wa chumba chetu, na ndiye aliyenipokea siku ya kwanza akanionyesha mahali ambapo mashine inakula vidole. Muumini wa kweli. Pombe hajawahi hata kuinusa. Karatasi yake ya zahanati sasa: mulevi, mulevi, mulevi, toka juu mpaka chini.

Siku moja akamwambia, "Dokta, mimi hata divai ya kanisa letu njo maji ya sukari."

Papa Ilunga hakuinua kichwa. "Basi njo ile sukari inakulevya, Papa."

Foleni nzima ilicheka. Yaya alicheka kutushinda wote, akamalizia kwa kukohoa.

Mtu wa pili wa kutaja ni Kasongo, kapita wetu, yaani msimamizi wa chumba. Huyu hakuwa mjinga. Mjinga angetuacha tupone wenyewe.

Kasongo aliangalia mambo kwa makini. Aliona tukipumzika tunaugua, tukifanya kazi tunapona. Akapiga hesabu yake: basi kinachotuua ni kupumzika.

Alitusimamisha Jumamosi moja baada ya maziwa akatuambia, "Kifua kikipumzika kinasahau kazi. Muntu asiache kifua chake kisahau."

Dawa yake ilikuwa hivi. Kila mmoja achukue kifuko, ajaze yale mavumbi laini yanayodondoka chini ya mashine, aende nayo nyumbani. Jumapili baada ya kanisa unakung'uta, unavuta puani taratibu, ili Jumatatu kifua kisijue kama kilikuwa likizo.

Na wakuu, msinicheke, Jumatatu nyingine zilipita kweli laini kidogo! Tukaamini. Tunatoka misa, wengine ibada, tunakula ugali na mikeke, samaki wa ziwa letu, halafu wanaume wazima tunakaa kivulini kunusa vumbi la mwajiri. Kwa hiari. Siku ya mapumziko.

(Mtu wa forodhani aliyetukuta hivyo mara ya kwanza alidhani ni ugoro, akaomba. Tulimpa.)

Sasa mwaka huo ikatangazwa kwamba Komisa, kiongozi mkubwa wa serikali, atakuja kwa ndege kutoka Lubumbashi.

Waliozaliwa juzi hawajui animasio. Kila kiwanda, kila ofisi ya serikali, ilikuwa na kikundi cha kuimba na kucheza kumsifu Rais na chama. Haikuwa kwaya ya kujiunga ukipenda. Ukikosa siku ya mgeni, hawasemi umeugua, wanasema umekataa. Na neno hilo likishaandikwa, lilikuwa linakufuata mpaka kwa wajomba zako.

Mkuu wa animasio ya kiwanda alikuwa nani? Kasongo huyohuyo. Kipaji kimoja hakikumtosha.

Na mwanzishaji wa nyimbo alikuwa Yaya Mukalay. Alikuwa na sauti ile ambayo akianza tu, mama muuza maandazi anasahau kuchukua hela yake. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma. Sauti yangu ni ya bata. Kasongo aliniambia mbele ya watu, "Wewe fungua mudomo tu, usitoe kitu."

Tulifanya mazoezi kama wiki mbili, kila siku baada ya kazi, ndani ya stoo ya vitambaa. Milango imefungwa. Kisa? Eti watu wa animasio ya bandari wasiibe nyimbo zetu! Watu arobaini, stoo haina dirisha, midomo wazi, tunalinda siri ya wimbo ambao nchi nzima inaujua.

Akaja binti mmoja wa upande wa ushonaji ana mafua. Kamasi zinatoka, anaimba. Simtaji huyo, naye alilazimishwa kama sisi.

Siku chache stoo nzima inapiga chafya.

Hapa njo pa kusoma polepole, nyie wa "mafua tu".

Washonaji waliugua siku tatu, wakapona. Watu wa biro, yaani ofisini, siku nne, maana wao hupenda kuzidisha. Kasongo mwenyewe, ambaye alikuwa anakaa kibandani kwake nje ya vumbi, alikohoa siku mbili, ya tatu anacheza mbele yetu na kitambaa shingoni. "Munaona? Mafua tu!"

Sisi wa kuchana pamba, mafua yaleyale, ya binti yuleyule, yalishuka kifuani yakakataa kutoka.

Jumatatu tulisema, ah, ni Jumatatu yetu ya kawaida.

Jumanne hakuna nafuu. Tukasema, tungojee Jumatano, Jumatano inafunguaga.

Jumatano kilifunga zaidi. Nilikuwa nasikia kifua changu kinapiga filimbi nikiwa nimekaa kimya, nageuka kutafuta nani anapiga. Makohozi yalikuwa meupe, yakawa ya njano, halafu kijani. Ngazi tatu za biro ya mshahara nilizipanda kwa awamu mbili. Miaka ishirini, wakuu.

Yaya ndiye alikuwa vibaya kunizidi, pamba yake ilikuwa ya miaka mingi. Kwenye mazoezi alianza wimbo, akafika katikati ya mstari, akakatika. Akaanza tena, akakatika palepale.

Kasongo akasimamisha ngoma. "Sitwaye Mukalay. Unakata jina la Rais katikati?"

Sitwaye ni mwananchi, ndivyo kila mtu alivyoitwa enzi hizo. Hiyo siyo swali la muziki, mnaelewa.

"Kapita... pumzi... haitoshi."

"Na hii ya kuniambia haitoshi, umeitoa wapi?"

Wawili watatu wakacheka, kile kicheko cha kuogopa.

Tukaenda mimi na Yaya kwa Papa Ilunga kuomba repo, ile karatasi ya ruhusa ya kupumzika. Papa Ilunga akatazama karatasi ya Yaya, akaona mulevi zake mwenyewe alizoziandika, akatikisa kichwa kwa huzuni kama amezikuta tu pale.

"Mafua haina repo," akasema. "Mafua njo ugonjwa wa kila muntu. Nikikupa wewe nimupe kila muntu. Kiwanda kifungwe?"

"Dokta, wenzetu wamepona. Sisi hatuponi," nikamwambia.

"Kwa sababu wenzenu hawakunywi."

Kifaa cha kusikilizia kifua kilikuwa kinaning'inia ukutani nyuma yake. Sijawahi kuona kimeshuka.

Alhamisi Kasongo akamruhusu Yaya abaki nyumbani. Msidhani ni huruma. "Tunza sauti, Jumamosi Komisa anafika."

Na sasa nifike kwenye kipande changu. Ningeweza kukiruka, hakuna shahidi humu.

Alhamisi hiyo nikiwa kazini, navuta pumzi kwa mabega, niliwaza: Yaya yuko nyumbani anapumzika. Kifua chake kinasahau. Jumamosi hataweza.

Hakuna aliyenituma. Kasongo hakusema. Ilikuwa akili yangu mwenyewe. Saa ya mapumziko niliingia chini ya mashine, nikachagua kule nyuma kabisa ambako vumbi ni laini kama unga wa muhogo, nikajaza kifuko. Sikujaza cha kawaida, nilijaza cha siku mbili. Kwa mapenzi.

Yaya alikuwa anakaa mtaa wa Kataki. Nilimkuta mke wake, Mama Feza, uani anachemsha majani ya mupera kwa ajili ya kikohozi.

"Mudogo, na wewe unapumua hivyo? Unaleta nini?"

"Dawa, Mama."

Akanipisha.

Yaya alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono imeshika magoti, kama anataka kuinuka. Kulala alikuwa hawezi. Nikamwonyesha kifuko. Nikamwambia, Yaya, kimesahau, tukiamshe.

Alikitazama. "Nimechoka, mudogo."

"Kidogo tu. Mimi naanza."

Nikaanza. Nilivuta sana, ili kumtia moyo. Yeye akavuta baada yangu, mara tatu au nne, kwa heshima, kama mtu anayeonja chakula cha mgeni.

Sikumaliza kufunga kifuko. Pumzi ilikuwa inaingia, haitoki. Najua mnafikiri kukosa pumzi ni kushindwa kuvuta. Hapana. Mimi nilikuwa nimejaa, kama mpira, na hakuna pa kupunguzia. Nilimsikia Yaya anaita "Mama Feza!" kwa vipande, halafu niko chini.

Mama Feza alimkimbilia jirani mwenye pusupusu, ule mkokoteni wa kusukuma, umejaa makaa. Wakamwaga makaa njiani, wakanipakia mimi. Nilifika hospitali mweusi mgongo mzima na mweupe pua.

Yaya alibaki mkekani. Alisema yeye ana nafuu. Na kwa kunilinganisha na mimi, kweli alionekana ana nafuu. Niliharibu hata vipimo.

Hospitali nilipokewa na Sista Godeliva, mtoto wa milimani Moba, mdogo wa umbo, macho makali. Akanichoma sindano ya kufungua kifua, akaniwekea hewa ya chupa, akanichoma na penisilini. Nilipoanza kuona watu, akachukua pamba safi akanifuta pua. Akaitazama.

"Hii njo nini?"

"Pamba, Mama Sista."

"Naona ni pamba. Nani alikuwekea?"

"Mimi mwenyewe."

Alikaa chini kitandani kwangu. Nikamweleza yote, Jumatatu, Jumatano, kifua kusahau kazi, kifuko. Hakunikatiza. Mwisho akaniambia maneno ambayo mpaka leo hakuna daktari aliyenieleza vizuri kumpita.

Alisema vumbi lile lilikuwa limevimbisha mirija ya pumzi yetu kwa muda mrefu. Siku ya Jumatano hatukuwa tunapona, mwili ulikuwa umechoka tu kulalamika. Muntu akipigwa kila siku anaacha kulia, lakini fimbo inaendelea kuchubua.

Sasa mafua, alisema, yakiingia kwenye kifua kizima yanakuta njia pana, yanasumbua, yanapita. Yakiingia kwenye mirija iliyovimba, yanaivimbisha tena juu ya ule uvimbe. Makohozi yanajaa, njia ni nyembamba, hayatoki. Hapo vijidudu vingine, vya homa ya mapafu, vinapata mahali pa kulala. "Ugonjwa wa zamani unafungulia mupya mulango," akasema, "na ule mupya unaamsha wa zamani. Unafikiri una mafua. Una magonjwa mawili yanayosaidiana kazi."

Halafu akauliza, "Na wewe ukaongeza vumbi?"

Nikasema ndiyo. Nikasema pia, Mama Sista, nyumbani kuna mwingine, na yeye nimempa.

Alisimama palepale akaandika karatasi: Mukalay aletwe leo, asifanye kazi, asiimbe. Akampa Mama Feza, ambaye alikuwa bado ana vumbi la makaa mikononi. "Leo, Mama. Si kesho."

Mama Feza alikuwa mke wa mfanyakazi, anajua sheria. Karatasi ya nje bila muhuri wa zahanati ya kiwanda, mume wako ameacha kazi. Tena wiki ya Komisa. Kwa hiyo hakwenda Kataki. Alipitia kwanza kwa Papa Ilunga apigiwe muhuri.

Papa Ilunga aliisoma mara mbili.

"Huyu Sista alimuona Mukalay?"

"Bado, dokta. Njo anataka aletwe amuone."

"Dokta gani anamuandikia muntu hajamuona?" Akafungua droo, akaiweka ndani, akafunga. "Tutaangalia Jumatatu."

Hayo alinisimulia Mama Feza mwenyewe Ijumaa, aliponiletea uji. Nikamwambia muhuri tuache, mlete Yaya hivihivi. Akasema amemwomba, amekataa. Yaya amesema akikosa Jumamosi wataandika amekataa kumwimbia Rais, na ana watoto. Jumamosi ikipita, Jumapili atakuja mwenyewe kwa miguu.

Nikamwambia Mama Feza amwambie nimesema aje. Akaniangalia. "Wewe njo ulisema avute ile dawa yako."

Nilikunywa uji.

Jumamosi gari la kiwanda lilipita kumchukua asubuhi. Walimvalisha kitenge kipya chenye picha ya Rais kifuani, pale palepale palipofunga. Wakawapanga kwenye njia ya uwanja wa ndege, jua linapanda. Mimi sikuitwa. Nasema mara zote kwamba niliokolewa na sauti mbaya. Ningekuwa na sauti kama ya Yaya, Kasongo angenitoa kitandani na ile chupa ya hewa mkononi.

Waliimba tangu saa moja. Ndege haipo. Saa tatu, haipo. Walinyoosha shingo mpaka zikauma. Saa sita hivi ukaja ujumbe kwamba Komisa ameahirisha, hata Lubumbashi hajaondoka.

Mtu mwenye akili timamu angesema rudini nyumbani. Kasongo akasema, "Basi imbeni mara moja ya mwisho, iwe mazoezi ya siku atakayokuja."

Yaya akaanzisha. Walioshuhudia wanasema alifika neno la tatu, akainua mkono, akapiga magoti, akalala kifudifudi.

Watu walipiga makofi. Walidhani amezidiwa na mapenzi ya Taifa.

Wakamleta kitanda cha pili kutoka changu. Midomo rangi ya majivu, shingo inaingia ndani kila akivuta. Sista Godeliva alifanya yote aliyonifanyia mimi na zaidi, hakutoka pale. Lakini mimi nilifika Alhamisi. Yeye Jumamosi. Siku mbili hizo ndizo tofauti yangu na yake, hizo na wimbo.

Jioni hiyo aligeuza uso kwangu.

"Mudogo."

"Yaya."

"Ndege... ilikuja?"

"Haikuja, Yaya."

Mabega yakatikisika. Nilidhani anakufa. Alikuwa anacheka.

"Basi... tuliimbia... mbuzi."

Jumapili, kanisa la jirani likiwa bado linaimba, akaacha kuvuta. Sista akamfunga macho, akakaa chini, mara ya pili namwona anakaa.

Msibani Kasongo alivaa abakosti yake nzuri, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, akahutubia. Alisema Sitwaye Mukalay amekufa akiwa na jina la Rais mdomoni. Hilo ni kweli, lilimkwama. Papa Ilunga alileta karatasi ya kifo ya kiwanda, ameandika sababu: mafua. Kwa mara ya kwanza hakuandika mulevi. Nadhani alikuwa anatoa pole.

Mimi nilirudi kazini baada ya wiki tatu. Kasongo akanitazama. "Umepumzika sana wewe. Kifua kimesahau." Akaninyooshea kifuko.

Niliacha kazi saa hiyohiyo, sikusubiri hata maziwa. Mwezi uliofuata nilivuka ziwa, nikaja Kigoma, na hapa ndipo nilipo, nauza dagaa, natembea na kipuliza cha kufungua kifua mfukoni. Madaktari wa hapa wana jina refu la ugonjwa wangu. Mafua yakija kwa watoto wa jirani, mimi ndiye wa kwanza kwenda hospitali, wananicheka, nawaacha.

Nimejifunza nini? Kama una pumu, kama umefanya kazi ya vumbi miaka, kama mama yako amepikia moshi maisha yake yote na kifua chake kinalia, mafua kwake siyo yale yako. Usimpime kwa mafua yako. Makohozi yakibadilika rangi, filimbi ikisikika, akishindwa kumaliza sentensi moja bila kupumua katikati, mpeleke siku hiyo. Kipuliza chake asikiache eti anaumwa kitu kingine. Moshi, vumbi, manukato, umweke mbali navyo. Na usimletee dawa ya akili yako mwenyewe, hata kama unampenda. Hasa kama unampenda.

Wenye makosa nimewataja: Kasongo kwa elimu yake, Papa Ilunga kwa droo yake. Wa tatu ndiye anayeandika.

Miaka mingi baadaye, Zaire imeshakufa na Rais wake, nilirudi Kalemie nikaenda Kataki kwa Mama Feza. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima ya meli. Nikamwambia, Mama, ile niliyoleta siku ile haikuwa dawa, ilikuwa pamba.

Alikuwa anachagua maharagwe. Hakuacha.

"Unafikiri mimi sijui pamba? Nani alikuwa anafua nguo zake?"

Akanisogezea kiti. Nilikaa mpaka jua likainama, anachagua maharagwe, mimi nakohoa. Maji hakunipa.

Haya, uwanja ni wenu. Waliofanya kazi za pamba, katani, saruji, waseme vifua vyao vinasemaje. Wa kunitukana karibuni, nina muda. Wa kunipa pole, hizo pole hazinihusu.